Nyota Moja kwa Sandwichi, Zamu Nne kwa Dada wa Kaunta

Nianze kwa kukiri. Jumatano moja ya muhula huu, saa moja na nusu usiku, nikiwa nimekaa kitandani kwangu hosteli na mfuko wa karatasi wenye mafuta mapajani, nilimchoma mtu. Sikumpiga wala sikumtukana. Niliingia kwenye ramani ya simu, nikatafuta duka, nikaandika mistari kama sita hivi ya hasira, nikaweka nyota moja kati ya tano. Na katika ile mistari nikataja jina la kwanza la dada aliyenihudumia, kama nilivyolisoma kwenye beji ya kifuani. Kisha nikaimaliza ile sandwichi yote, nikalamba na mayonizi iliyobaki kwenye foili, nikalala usingizi wa mtu aliyetetea haki.

Duka lenyewe sitalitaja. Ni la kampuni yenye matawi, lipo ndani ya jengo la maduka, lina kiyoyozi, kaunta ndefu ya kioo, na picha ukutani za sandwichi nene kama kamusi. Utaratibu wake mnaujua: unachagua mkate, unachagua nyama, halafu unasogea hatua moja moja ukinyoosha kidole. Weka nyanya, ongeza tango, kitunguu hapana, hiyo pilipili ni kali? Ukifika mwisho wa kaunta unalipa.

Nje kulikuwa na bango: Jumatano, nunua moja, ya pili nusu bei. Mimi na mshkaji wangu tukapiga hesabu. Sandwichi ndefu ya kuku ni 14,000, kwa hiyo mbili ni 21,000, kila mtu 10,500. Sasa hapa kumbuka kwamba posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku, tena kwa yule anayeipata yote. Yaani hata kwa nusu bei, tulikuwa tunakwenda kula siku nzima ya maisha yetu kwa dakika kumi na tano. Lakini bumu lilikuwa limeingia, na ninyi mnajua, bumu likiingia kwa mlango wa mbele akili inatokea mlango wa nyuma.

Tumefika kwenye malipo, mashine inasema 28,000. Kuuliza, tunaonyeshwa chini ya bango, kwenye herufi ndogo kama sisimizi waliopanga foleni: ofa inaisha saa kumi jioni, vigezo na masharti kuzingatiwa. Sandwichi zimeshatengenezwa, zimeshakatwa katikati, nyuma yetu kuna watu wanasubiri. Utafanyaje? Tukalipa.

Ila kilichoniwasha zaidi kilitokea kabla ya pale. Wakati kuku anawekwa nilihesabu vipande. Saba. Kwenye mkate ambao pichani kuku anamwagika mpaka nje! Nikamwambia, "Dada, hebu niongezee kuku kidogo basi." Akajibu bila kuinua macho, "Haiwezekani kaka, ndiyo kipimo." Hakunijibu vibaya. Alijibu kama mtu aliyelisema hilo mara mia siku hiyo. Lakini mimi nilisikia dharau, na dharau ikaenda moja kwa moja kwenye ile mistari sita.

Wiki kadhaa baadaye tukagawanywa makundi ya semina kwenye ile kozi ya pamoja ambayo tunajazana ukumbini mpaka wengine wanaandika nondo wakiwa wamekaa ngazini. Tulikuwa nane. Tukaanza kujitambulisha, na dada mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanitazama kwa muda, akasema, "Wewe ndiye wa vipande saba." Picha yangu ipo kwenye akaunti ninayoandikia maoni. Mimi sikumtambua hata kidogo. Bila kofia na aproni alikuwa mwanafunzi kama wanafunzi wengine, mwaka wa pili, daftari lake limejaa kuliko langu.

Jina lake sitaliandika hapa. Nililiandika mara moja na ilitosha.

Aliniambia kilichotokea, na aliniambia taratibu, kitu kilichonimaliza kabisa. Maoni yangu yalichapwa na msimamizi wa tawi, yakabandikwa ukutani kule nyuma wanakobadilishia nguo, jina lake likiwa limepigiwa mstari. Akaondolewa zamu za wikiendi mbili, Jumamosi na Jumapili, jumla zamu nne. Yeye ni kibarua, analipwa kwa zamu aliyosimama. Hana mkopo asilimia mia. Zile zamu ndizo zinalipa chumba. Mwezi ule alikopa kwa mwenzake, na siku niliyokutana naye alikuwa bado hajarudisha.

Nikamuuliza kuhusu kuku, maana nilikuwa bado na kaubishi. Akanieleza kuwa kuku hawekwi kwa mkono wa huruma. Kuna kikombe. Kikombe kimoja kwa sandwichi fupi, viwili kwa ndefu. Usiku wakifunga, kinachobaki kinapimwa na kulinganishwa na mauzo ya mashine, na kikipungua, zamu nzima inaulizwa. Na bango? Bango lilikuja limeshachapwa kutoka ofisini. Hakuna hata mmoja pale kaunta aliyeulizwa kama herufi zinasomeka.

Nilirudi hosteli nimenywea. Na kama kawaida ya mtu aliyenywea mwenye bando, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama haya malalamiko ya sandwichi ni yetu tu. Nikaikuta Subway ya Marekani, ambayo kwa upande wa kulalamikiwa ni kama profesa wa somo hilo.

Mwanzo wake ungefaa kuandikwa kwenye gazeti hili. Mwaka 1965, kijana wa miaka 17 kule Bridgeport, Connecticut, Fred DeLuca, alitaka hela ya ada ili asome udaktari. Rafiki wa familia, Peter Buck, akamkopesha dola 1,000 na kumshauri afungue duka la sandwichi. Udaktari haukufika. Yalifika maduka, maelfu kwa maelfu, mpaka ikaipita McDonald's kwa idadi ya migahawa. Na karibu yote si mali ya kampuni. Ni ya watu binafsi waliopewa haki ya kutumia jina. Kwa miaka mingi mwenye duka Marekani amekuwa akitoa asilimia 8 ya mauzo kwa kampuni, na asilimia 4.5 nyingine kwa ajili ya matangazo. Soma tena: ya mauzo, si ya faida. Duka liwe limepata au limekula hasara, makao makuu yanakata kwanza.

Ukishaelewa hapo, malalamiko mengine yote yanaanza kuonekana kwa sura nyingine. Chukua ile ofa yao maarufu, sandwichi ya futi moja kwa dola 5. Aliyeianzisha ni mwenye duka mmoja wa Miami aliyekuwa anatafuta namna ya kuuza wikiendi. Ikashika kasi, na mwaka 2008 kampuni ikaifanya ya nchi nzima, na wimbo wake wa tangazo ukawa unaimbwa na kila mtu. Safi. Sasa mwaka 2018 kampuni ikairudisha kwa dola 4.99, miaka kumi imepita, kodi ya pango imepanda, mishahara imepanda, nyama imepanda. Mamia ya wenye maduka wakasaini barua ya kuipinga, kwamba kila sandwichi wanayouza kwa bei hiyo inawatafuna. Mteja anaona bango analifurahia. Mwenye duka analiona hilohilo bango anashika kichwa. Na hasara ile ukitafuta inakoishia, utaikuta kwenye kikombe cha kuku na kwenye idadi ya watu wa zamu.

Halafu kuna kesi ya rula, ambayo nimeisimulia kwa kila anayekaa meza moja na mimi kafeteria. Januari 2013 kijana mmoja wa Australia alipiga picha sandwichi yake ya "futi moja" ikiwa pembeni ya tepu ya kupimia, akaiweka Facebook. Tepu ilisoma inchi 11. Futi ni inchi 12, kila mtoto wa shule anajua. Dunia ikalipuka. Kampuni ikajitetea, kwa kujiamini kabisa, kwamba jina lile ni jina tu la bidhaa, halikukusudiwa kuwa kipimo. Utetezi wa namna hiyo ukiutoa Kariakoo mbele ya mtu uliyemuuzia kitambaa mita tano, utarudi nyumbani kwa miguu.

Wamarekani wakafungua kesi. Na wakati wa kukusanya ushahidi ikabainika jambo la kuchekesha: donge la unga linaloingia kwenye oveni lina uzito uleule kila mara. Mkate ukitoka mfupi ni kwa sababu umejitanua kwa upana badala ya urefu. Nyama na jibini navyo vina kiasi kilichopangwa. Kwa hiyo mwenye inchi 11 na mwenye inchi 12, karibu wote wamekula kitu kilekile. Pamoja na hayo pande mbili zikakubaliana wamalize: kampuni iahidi kuwa na chombo cha kupimia mkate kwa muda, walalamikaji wachache waliotajwa wapate dola 500 kila mmoja, na mawakili wapate dola 520,000. Mamilioni ya walaji je? Sifuri. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa kule Chicago ikayatupa makubaliano hayo, kwa sababu hayakuwa na faida yoyote kwa wateja.

Ninaposema profesa wa kulalamikiwa simaanishi kwamba kila lawama ilikuwa ya kweli. Ile ya jodari, mwaka 2021, watu wawili wa California walishtaki kwamba jodari wa Subway si jodari. Gazeti la New York Times likapeleka sampuli maabara, na maabara haikupata DNA ya jodari, lakini yenyewe ikaeleza kwamba huenda samaki amepikwa na kuchakatwa mpaka haitambuliki tena. Walalamikaji walibadilisha madai yao zaidi ya mara moja, na kesi ikafungwa 2023 bila kampuni kukutwa na kosa. Muulize mtu yeyote leo, atakwambia "si wale waliokutwa hawana samaki?" (Sisi tuliokulia karibu na soko la Feri tuna viwango vyetu kuhusu jodari, lakini viwango si ushahidi.) Na ile ya Ireland ya 2020 ndiyo imepotoshwa zaidi. Watu walicheka kwamba Mahakama ya Juu imesema mkate wa Subway si mkate. Jambo lilikuwa la kodi: mwenye maduka alitaka arudishiwe VAT kwa hoja kwamba anauza chakula cha msingi, na sheria yao inasema mkate wa msingi usiwe na sukari inayozidi asilimia 2 ya uzito wa unga. Wa kwake ulikuwa na asilimia 10. Mtu alikwenda kudai hela zake akarudi dunia nzima ikijua siri ya mkate wake.

Hapa Afrika Mashariki tuna wetu pia. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi. Chipsi! Nchi ambayo viazi vya Nyandarua vinapita barabarani kwa malori. Ikajulikana kwamba viazi vyao vilikuwa vinaagizwa kutoka nje na meli imechelewa, na kwamba msambazaji yeyote lazima kwanza apite kwenye taratibu za ubora za kampuni kimataifa. Wakenya wakawaka mtandaoni kwa siku kadhaa, na kwa haki kabisa. Lakini ninachojiuliza sasa, na kabla ya dada wa semina nisingejiuliza: siku zile, nani alisimama kaunta Nairobi kusema "samahani, chipsi hakuna" mara mia kwa siku? Si aliyeamua viazi vitoke wapi.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na naomba isichukuliwe kama utetezi wa kampuni. Kampuni hizi zimejengwa kwa namna ambayo anayeamua haonekani, na anayeonekana haamui. Bei inapangwa huko. Kikombe cha kuku kinapangwa huko. Herufi za sisimizi zinapangwa huko. Kisha mbele yetu anawekwa binti wa miaka ishirini na moja mwenye beji yenye jina. Ile beji mimi nilidhani ni ukarimu, kwamba tufahamiane. Inafanya kazi ya kuhakikisha kwamba hasira ya mteja inapata pa kutua, na pasiwe ofisini.

Linganisha na mama ntilie wetu wa nyuma ya hosteli. Ukimwambia, "Mama, leo mchuzi umekuwa mwepesi," mambo mawili yanawezekana. Ama atakuongezea kijiko, ama atakuchamba mbele za watu mpaka ujute kuzaliwa na mdomo. Vyovyote vile umeongea na mwenye bei, mwenye sufuria na mwenye kijiko, mtu mmoja. Kesho mchuzi utakuwa mzito, au utahamia kwa jirani yake, na atakuona ukipita. Lawama inafika. Ndiyo maana kwake hatuweki nyota.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kunuka hasira: kwa hiyo tunyamaze? Tulipe 28,000 kwa bango la 21,000 tuseme asante? Hapana bwana. Mshkaji wangu niliyekwenda naye alisema hivyohivyo niliposimulia kisa hiki, na akaongeza kwamba dada angeweza kutuonya kuhusu saa kumi kabla hajakata mkate. Ni kweli, angeweza. Nilimuuliza. Alisema mwanzo alikuwa anaonya, wateja wakawa wanageuka wanaondoka, na mauzo ya zamu yanaandikwa. Sijui mimi ningefanya nini pale. Nimejaribu kujibu hilo swali kwa uaminifu na jibu halinipendezi.

Tulalamike, ila tujue tunalalamikia nini na kwa nani. Nchi yetu hii si ngeni kwa ugomvi wa vipimo. Wakulima wamepigana na lumbesa miaka na miaka, gunia linalovimbishwa kichwa mpaka linakuwa gunia na nusu kwa bei ya gunia, na hakuna mkulima mwenye akili aliyewahi kudhani kwamba tatizo ni yule kijana anayeshona gunia. Walimtafuta mnunuzi, wakaisukuma serikali, na Wakala wa Vipimo wakaingia mashambani na mizani. Kwenye udanganyifu wa matangazo ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 ambayo inamtaja mlaji na kukataza kumpotosha. Bango linalosema jambo moja kwa herufi za ukubwa wa kiganja na kulifuta kwa herufi za sisimizi ni kesi yao. Wangapi kati yetu tumewahi kuwaandikia? Mimi sikuwahi. Na nasoma sheria, aibu gani hii.

Kwa hiyo nimefanya mambo haya, nayaweka hapa kwa yeyote mwenye kisa chake. Nilitafuta risiti ya EFD, bahati nzuri ilikuwa bado kwenye mfuko wa suruali, imefifia lakini saa na kiasi vinasomeka. Nilipiga picha bango, moja kwa mbali na moja kwa karibu. Niliandika barua kwa ofisi ya kampuni, si tawi, nikieleza tarehe, saa, bei iliyotangazwa na bei iliyotozwa, bila kumtaja mfanyakazi hata mmoja, na nakala nikaipeleka FCC kwa mkono. Nilimwomba waziri wa malalamiko wa serikali yetu ya wanafunzi aulizie jambo la pili, la vibarua wanafunzi: wangapi wanasimama kwenye kaunta hizi bila karatasi yoyote mkononi, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ipo na ina mambo ya kusema kuhusu mikataba na makato. Aliniambia atalifuatilia. Nitamkumbusha kila wiki na nimemwambia hivyo.

Yale maoni ya kwenye ramani nimeyahariri. Jina nimelitoa, na yale ya "huduma ya dharau" nimeyatoa. Nimeacha la bango, nimeongeza picha. Nyota ni moja vilevile, kwa sababu bango ni lilelile. Mshkaji wangu aliandika ya kwake pia, kwa namna hiyohiyo.

Nilitaka kumlipa zile zamu nne, nikampelekea nusu kwa simu kwanza. Aliirudisha usiku uleule na ujumbe mfupi: anataka zamu, si michango. Kwenye semina tunafanya kazi vizuri tu. Alinisahihishia marejeo yangu yote kwenye ripoti ya kundi, na alipofika kwenye jedwali langu akasema lina vipande saba.

Jumatano iliyopita nilipita pale dukani, sikuingia. Bango limebadilishwa rangi, sasa ni la kijani. Niliinama mpaka mlinzi akanitazama vibaya. Saa kumi jioni bado ipo palepale chini kabisa. Kaunta kulikuwa na kijana mgeni, beji yake mpya, anamweleza mama mmoja mwenye watoto wawili kwamba ndiyo kipimo.